Modeli zaonesha masika yakiongezeka, madaftari yaonesha yalipungua: tatizo liko wapi?

Mpimamvua

Salaam, wanajukwaa. Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu mvua katika bonde la Mto Pangani, na kazi imenikwama mahali ambapo naamini baadhi yenu mmewahi kupita, hivyo naomba msaada wenu.

Ninalinganisha vitu viwili. Upande mmoja ninao uigaji wa kihistoria wa modeli za tabianchi za dunia nzima, yaani programu za kompyuta zinazoiga anga na bahari, uliotolewa chini ya awamu ya sita ya CMIP, mradi wa kimataifa wa kulinganisha modeli hizo, unaoanza mwaka 1850 na kuishia 2014. Upande wa pili ninayo madaftari ya kituo kimoja cha mvua, yaliyojazwa kwa mkono kila siku saa 3 asubuhi, pamoja na takwimu za CHIRPS, ambazo huchanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo na ambazo zinaanzia 1981. Nilitarajia tofauti za hapa na pale. Nilichokikuta ni kwamba karibu modeli zote nilizopakua zinaifanya vuli kuwa msimu mkubwa wa mvua na masika kuwa msimu mdogo, ilhali kila mtoto aliyekulia kwetu anajua kwamba mambo ni kinyume chake. La pili limenisumbua zaidi: madaftari na CHIRPS vinakubaliana kwamba mvua za masika zilipungua kuanzia miaka ya 1980 hadi kuelekea 2010, lakini wastani wa modeli hauoneshi kupungua huko, na makadirio ya karne hii yanaonesha mvua hizo hizo zikiongezeka.

Nilipowasilisha matokeo ya awali, msikilizaji mmoja aliuliza: kama modeli haiwezi kutusimulia jana ambayo sote tuliishuhudia, kwa nini tuiamini inapotusimulia kesho? Sikuwa na jibu; nilibaki nimeikodolea macho grafu yangu mwenyewe ukutani kana kwamba ni ya mtu mwingine. Naomba mnisaidie kujua kama kosa ni langu, ni la modeli, au ni la madaftari.

Kusi

Ndugu Mpimamvua, kabla hujaihukumu modeli, hakikisha kwanza kwamba wewe na yeye mnatumia mizani moja. Mvua katika mafaili ya CMIP haikuandikwa kwa milimita. Imeandikwa kwa kilogramu kwa kila mita ya mraba kwa kila sekunde, na ni lazima uzidishe kwa 86,400 ili upate milimita kwa siku. Hilo bila shaka ulilifanya, kwa sababu usingelifanya ungeliona jangwa.

Linalowaponza wengi ni kalenda. Modeli za Uingereza za HadGEM3 na UKESM1 zina mwaka wa siku 360, ambamo kila mwezi una siku 30, Februari ikiwemo. Ukilifungua faili utaikuta tarehe 30 Februari imekaa kwa utulivu kabisa, na programu yako ya uchambuzi, isipoelezwa, ama itakataa kuendelea, ama, na hili ndilo baya zaidi, itazihesabu siku hizo kwa kalenda ya kawaida bila kukuambia lolote. Kila mwaka tarehe zitasogea kwa takriban siku tano na robo, na baada ya miaka 35 Aprili ya modeli itasomeka kama Oktoba. Mtu anaweza kuandika sura nzima kuhusu udhaifu wa modeli kumbe anaeleza udhaifu wa mistari miwili ya programu yake. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliandika aya kumi na moja kabla ya kugundua.

Jambo la pili ni ukubwa wa visanduku. Modeli hizi huigawa dunia katika visanduku ambavyo kwa kawaida upande wake mmoja una kilomita 100 hadi 250. Ndani ya kisanduku cha namna hiyo Kilimanjaro, wenye mita 5,895, umesagwa ukawa mwinuko wa kawaida tu, Milima ya Pare na Usambara imeunganishwa na tambarare zilizo kando yake, na Ziwa Victoria, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, linaweza kuwa visanduku viwili pekee katika modeli zenye visanduku vikubwa. Kituo chako kimoja hakiwezi kushindanishwa na kisanduku chote milimita kwa milimita. Linganisha mikengeuko, yaani kila upande upimwe jinsi unavyopanda au kushuka kuanzia wastani wake wenyewe wa kipindi kile kile.

La tatu ndilo lenye uzito, nalo watu hulipita haraka. Uigaji wa kihistoria haulishwi vipimo vya hali ya hewa. Unalishwa vichocheo tu: kiasi cha gesijoto, moshi wa viwanda, majivu ya volkano, nguvu ya jua na mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Baada ya hapo bahari na anga za modeli hujiendea zenyewe. El Nino, yaani kule kupata joto kupita kawaida kwa maji ya mashariki mwa Pasifiki ya ikweta, katika modeli huzaliwa ndani ya modeli, na haina sababu yoyote ya kutokea mwaka 1997 eti kwa kuwa kwetu ilitokea 1997. Usiende kutafuta ndani yake mvua za 1961, ambazo ziliinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, kwa maana zile zilitokana kwa sehemu kubwa na jinsi Bahari ya Hindi ilivyokaa mwaka ule. Uigaji mwingine wa modeli hiyo hiyo, ulioanzishwa kwa tofauti ndogo mno ya joto, utakupa mafuriko mwaka mwingine kabisa. Ukichukua wastani wa modeli thelathini, mawimbi hayo ya asili yanafutana na unabaki na ile sehemu inayotokana na vichocheo peke yake. Vipimo vyetu ni maisha tuliyoyaishi mara moja tu, pamoja na bahati na mikosi yake yote. Kwa hiyo usiulize kama mstari wa vipimo unaufuata mstari wa wastani wa modeli. Uliza kama mstari wa vipimo unaweza kuwa mmoja wa ndugu katika kundi la uigaji.

Tambarare

Ndugu Kusi ameeleza vizuri, ila mimi naona maelezo yake yameiachia modeli milango ya kutokea kila upande. Ikipatia, tunaambiwa imethibitika. Ikikosea, tunaambiwa ni mawimbi ya asili, ni ukubwa wa visanduku, ni kalenda. Fundi cherehani akikosea kipimo cha suruali hamlaumu mteja kwa kuwa na miguu.

Kati ya 1998 na 2012 joto la dunia liliongezeka polepole kuliko wastani wa modeli ulivyoonesha, na jambo hilo halikusemwa na wapinzani peke yao, lilijadiliwa katika ripoti ya tano ya IPCC, lile jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi. Katika awamu hiyo hiyo ya sita anayoitumia ndugu yetu, zipo modeli zinazosema hewaukaa ikiongezeka maradufu dunia itapata joto zaidi ya nyuzi 5, na wenyewe wanasayansi wameziita za moto kupita kiasi. Mimi ninalima mahindi na maharage, si mtaalamu wa fizikia, lakini ninauliza kwa nia njema: ni kitu gani kingetokea ambacho kingewafanya mseme kwamba modeli imeshindwa?

Mwalimu Mstaafu

Swali la ndugu Tambarare ni la haki, na halistahili kejeli. Nilifundisha fizikia na jiografia kwa miaka mingi, na siku zote niliwaambia wanafunzi kwamba nadharia isiyoweza kushindwa haina faida. Modeli za tabianchi zinaweza kushindwa. Zimeshindwa mara kadhaa.

Kipimo kisicho na hila ni utabiri uliochapishwa kabla ya jambo kutokea. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walichapisha hesabu iliyofanywa kwa modeli ambayo leo tungeiona kama kichezeo, yenye safu moja tu ya anga kutoka chini hadi juu. Walipata kwamba hewaukaa ikiongezeka maradufu joto la ardhini litapanda kwa takriban nyuzi 2.3, na walipata pia jambo la ajabu zaidi, kwamba tabaka la stratosfia huko juu litapoa wakati huku chini kunapata joto. Zingatieni hili la pili. Kama jua ndilo lingekuwa chanzo cha joto, tabaka zote mbili zingepaswa kupata joto. Wakati ule hakukuwa na setilaiti ya kupima mambo hayo. Vipimo vilivyokuja baadaye vimeonesha stratosfia ikipoa na tabaka la chini likipata joto, ingawa sehemu ya kupoa huko ilitokana na kuharibika kwa ozoni. Laiti stratosfia ingepata joto, modeli ingekuwa imeshindwa, ndugu Tambarare, na pasingekuwa na mlango wa kutokea. Manabe alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021 pamoja na Klaus Hasselmann na Giorgio Parisi.

Mfano mwingine ni Pinatubo. Mlima huo wa Ufilipino ulilipuka mwezi Juni 1991. Mapema mwaka 1992 James Hansen na wenzake walichapisha makadirio kwamba joto la dunia litashuka kwa karibu nusu nyuzi na kisha litarudi. Likashuka, likarudi. Hansen huyo huyo, katika makadirio yake ya 1988, alionesha joto likipanda haraka kuliko lilivyopanda kweli, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi. Lakini alikuwa amebashiri mambo mawili kwa pamoja, yaani fizikia ya anga na mwenendo wa binadamu katika kutoa gesi, na kosa lake kubwa lilikuwa kwenye lile la pili. Mwaka 2020 Zeke Hausfather na wenzake walizipitia modeli 17 zilizochapishwa kati ya 1970 na 2007. Kumi zilikubaliana na vipimo jinsi zilivyo, na baada ya kurekebisha kiasi cha gesi kilichotolewa kweli, zilizokubaliana zilifika 14. Tatu hazikufaulu, na hakuna anayezificha.

Kuhusu 1998 hadi 2012, mwaka wa kuanzia ulikuwa wa El Nino kubwa mno, na mtu anayeanza kupanda ngazi akiwa ameruka juu lazima aone hatua zinazofuata ni fupi. Zaidi ya hapo, Bahari ya Pasifiki ilikuwa katika kipindi cha upande wa ubaridi, na baadhi ya kumbukumbu za joto hazikuwa na vipimo vya kutosha katika Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini, mahali ambapo joto lilikuwa likipanda kwa kasi kuliko pengine popote. Palikuwa pia na kosa la ulinganishaji ambalo linamhusu moja kwa moja ndugu Mpimamvua: modeli zilikuwa zikitoa joto la hewa juu ya bahari, wakati vipimo ni vya joto la maji ya bahari, na hewa hiyo hupata joto haraka kidogo kuliko maji. Watu walikuwa wakilinganisha embe na dodo.

Nisiwasahau wapimaji. Sisi wa kizazi changu tuliamini kwamba kilichoandikwa daftarini ni ukweli na kilichotoka kwenye kompyuta ni dhana. Lakini tazameni joto la bahari. Kwa miongo mingi baharia aliteremsha ndoo ya turubai, akaivuta hadi sitahani, akatia kipimajoto. Na wakati ndoo inapanda huku ikipigwa na upepo, maji yalikuwa yakipoa kwa mvuke. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vipimo vingi vilichukuliwa na meli za Marekani kutoka kwenye bomba la maji ya kupozea injini, ambayo husomeka yakiwa na joto zaidi. Vita ilipokwisha, meli za Uingereza zilizotumia ndoo zikarudi kwa wingi katika takwimu, na mwaka 1945 bahari ya dunia ikaonekana kupoa ghafla. Mporomoko huo kwa sehemu kubwa ulikuwa wa ndoo. Modeli haikuuonesha, na modeli ndiyo iliyokuwa sahihi.

Ripoti ya IPCC ya mwaka 2021 inasema kwamba wastani wa joto la dunia katika 2011 hadi 2020 ulikuwa juu kwa nyuzi 1.09 ukilinganishwa na 1850 hadi 1900. Modeli zikipewa jua na volkano pekee, mstari wake unabaki karibu palepale kwa miaka yote hiyo. Zikiongezewa gesijoto na moshi wa binadamu, unapanda pamoja na vipimo. Na zile modeli za moto kupita kiasi ulizozitaja zilitambuliwa kwa njia hii hii ya kuzilinganisha na yaliyopita, ndiyo maana ripoti hiyo haikukubali wastani wao mtupu bali ilizipunguzia uzito.

Mpimamvua

Shikamoo Mwalimu, na asante sana. Ndugu Kusi, nimerudi nikiwa na aibu kidogo. Mbili kati ya modeli nilizotumia ni za Uingereza, na programu yangu ilikuwa imezisoma kwa kalenda ya kawaida bila kulalamika. Baada ya kusahihisha, Aprili na Oktoba zimerudi mahali pake katika modeli hizo mbili, na grafu ambayo nilidhani inaonesha misimu ikibadilishana nafasi karne nzima imetoweka. Nilikuwa nimeanza kuipenda.

Hata hivyo tatizo halijaisha. Modeli nyingine, ambazo kalenda zake ni za kawaida, bado zinaipa vuli mvua nyingi kupita kiasi na masika mvua chache. Na nilipofuata ushauri wa kutazama kila uigaji peke yake, niliona kwamba baadhi kweli zinaonesha masika yakipungua katika miaka hiyo, lakini ni chache, na hakuna ulioshuka kama madaftari yangu. Nakubali maelezo kuhusu joto la dunia. Kuhusu mvua ya nyumbani, swali la yule msikilizaji bado limesimama.

Kaskazi

Habari zenu. Nafuatilia mjadala huu nikiwa Nairobi, na naona sasa umefika kwenye kiini. Ulichokikuta, ndugu Mpimamvua, kina jina katika taaluma: wanakiita kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki, na David Rowell na wenzake walikijadili kwa kina mwaka 2015. Kwa hiyo usidhani ni kosa la mwanafunzi. Walizipima sababu mbalimbali zinazoweza kukieleza, zikiwemo ubora wa vipimo, mawimbi ya asili, moshi na vumbi vinavyoelea angani, matumizi ya ardhi, na uwezekano kwamba modeli zenyewe zinakosea mambo ya msingi.

Tuanze na misimu iliyopinduka. Hilo ni kosa la modeli, nalo linajulikana tangu awamu zilizotangulia. Chanzo chake kinachotajwa zaidi kiko baharini: modeli zinazounganisha bahari na anga hukosea joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi, na msimu wa mvua wa pwani yetu hufuata joto hilo. Kuna jaribio zuri la kuthibitisha. Ukiichukua sehemu ya anga ya modeli ukailazimisha kutumia joto la bahari lililopimwa, badala ya bahari yake yenyewe, mzunguko wa misimu unakaribia kuwa sawa. Anga haikuwa mgonjwa sana. Ilikuwa inanyweshwa maji yasiyo na joto sahihi. Ndugu Mpimamvua, uigaji wa namna hiyo unapatikana mahali ulipopakua huu mwingine, na ningekushauri uuweke kama safu ya tatu katika ulinganishaji wako, kwa sababu ndio utakaokuonesha kosa linaanzia wapi.

Sasa kupungua kwa masika. Bradfield Lyon na David DeWitt walionesha mwaka 2012 kwamba mvua hizo hazikushuka taratibu kama maji yanayovuja. Zilishuka kwa ghafla karibu na mwaka 1999, wakati joto la Bahari ya Pasifiki lilipobadilika mpangilio wake. Mwaka 2019 Caroline Wainwright na wenzake waliongeza jambo ambalo mkulima angelisema kwa sentensi moja: msimu ulifupika. Mvua zilichelewa kuanza na ziliwahi kukatika, lakini siku iliponyesha, ilinyesha kama zamani. Mtu anayejumlisha milimita za Machi hadi Mei hawezi kuliona hilo. Fungua tena madaftari yako, utafute tarehe ya kuanza na tarehe ya kukatika kwa mvua kila mwaka, kisha ufanye vivyo hivyo kwa modeli. Huenda ukakuta kwamba modeli haikukosea ukubwa wa mvua bali mwendo wa ukanda wa mvua unapovuka kwetu kutoka kusini kwenda kaskazini.

Tena angalia unapoishia. Kuanzia miaka ya 2010 masika yalianza kupata nafuu. Masika ya 2018 na ya 2020 yalikuwa na mvua nyingi sana, mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria likafikia kimo cha ile rekodi ya 1964, na masika ya 2024 sote tunayakumbuka kwa mafuriko, Kenya na Tanzania. Ukikata takwimu zako mwaka 2009 utaona ukame wa kudumu, ukizifikisha 2024 mstari unalala. Uigaji wa kihistoria wa CMIP6 unakomea 2014, na kishawishi cha kukomea hapo ni kikubwa, lakini unaweza kuuongezea miaka ya mwanzo ya makadirio, kwa sababu katika miaka michache hiyo njia mbalimbali za utoaji wa gesi hazijatofautiana sana.

Ninalotaka kulisisitiza, kwa kuwa Mwalimu aliligusia tu, ni Pasifiki. Tangu miaka ya 1980 mashariki mwa Pasifiki ya ikweta hakujapata joto kama modeli nyingi zinavyoonesha, wakati magharibi mwake, upande wa Indonesia, joto limepanda. Mpangilio huo unafanana na La Nina, ambayo ni kinyume cha El Nino, na La Nina kwetu mara nyingi ni vuli haba. Tuliona kati ya 2020 na 2022, La Nina ilipokaa miaka mitatu mfululizo na misimu mitano ya mvua ikashindwa moja baada ya nyingine kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia. Kama mpangilio huu wa Pasifiki ni wimbi la asili litakalogeuka, basi modeli zinaweza kuwa sahihi kuhusu mbele ya safari na kosa likawa la bahati tu. Kama ni jibu la bahari kwa gesijoto ambalo modeli hazilioni, basi makadirio ya masika mengi yamejengwa juu ya mchanga. Wataalamu bado wanabishana, na mimi sioni sababu ya mwanafunzi wa uzamili kujifanya amelimaliza.

Kwa hiyo, kama ningekuwa mimi mbele ya yule msikilizaji, ningemwambia kwamba modeli si shahidi mmoja wa kuaminiwa wote au kukataliwa wote. Joto nalikubali, kwa maana limepimwa dhidi ya karne na nusu na likafaulu. Kuongezeka kwa mvua za vuli nakubali nusu, kwa sababu modeli nyingi zinakubaliana ila ni hizo hizo zinazoizidishia vuli hata leo. Kuhusu jumla ya mvua za masika, nisingeweka fedha yangu.

Tambarare

Ndugu Kaskazi, hili la msimu kufupika bila mvua yenyewe kudhoofika ndilo tuliloliona mashambani, na nashangaa imechukua hadi 2019 kuandikwa. Kuhusu joto, Mwalimu amenijibu na ninakubali, hasa lile la stratosfia, ambalo sikuwahi kulisikia. Basi nisaidieni kwa upande wangu. Kama masika yenyewe hamna uhakika nayo, mtu kama mimi achukue nini kutoka kwenye modeli hizi?

Kusi

Ndugu Tambarare, kwa tarehe ya kupanda, usichukue chochote. Kwa hilo upo utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na, kwa ukanda wote, na kituo cha ICPAC. Huo unaanza na hali ya bahari ilivyo mwezi huu, jambo ambalo uigaji wa karne haufanyi kabisa.

Yapo mambo mawili unayoweza kuyachukua bila kusubiri kitendawili kiteguliwe. Hewa ikipata joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo siku ikinyesha kweli, itanyesha kwa nguvu zaidi. Modeli mpya yenye visanduku vya kilomita 4.5, iliyotengenezwa na idara ya hali ya hewa ya Uingereza kwa ajili ya Afrika, inaonesha ongezeko hilo la mvua kubwa likiwa kubwa kuliko modeli za kawaida zinavyoonesha. Wanaochimba mitaro na kujenga madaraja madogo wasitumie vipimo vya babu zao. Na joto likipanda, udongo unakauka haraka hata mvua ikiwa ile ile. Wachunguzi waliochambua ukame wa 2020 hadi 2022 walikuta kwamba joto lilikuwa na mchango mkubwa katika kuugeuza uhaba wa mvua kuwa maafa. Mbegu inayokomaa mapema na matandazo shambani vinajibu yote mawili, msimu mfupi na udongo unaokauka, hata kama jumla ya milimita haitabadilika.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mpimamvua, kabla hujafunga sura hiyo, umesoma pembezoni mwa madaftari? Nina maana ya ile safu ya maelezo, siyo safu ya milimita. Wapimaji wa zamani waliandika humo mambo ambayo hayakuwahi kuingizwa kwenye kompyuta.

Mpimamvua

Nilikuwa sijasoma, Mwalimu. Nilipewa takwimu zikiwa zimeshaingizwa, na madaftari yenyewe niliyatumia kuhakiki tarakimu tu.

Leo nimekaa nayo tangu asubuhi. Kuna miaka miwili ambamo Jumapili zote zina sifuri na Jumatatu zina mvua kubwa kuliko kawaida, maana yake mpimaji alikuwa hafiki Jumapili na Jumatatu alisoma maji ya siku mbili. Hilo haliharibu jumla ya msimu, ila linaharibu hesabu ya siku za mvua, ambayo ndiyo ndugu Kaskazi ameniambia niifanye. Halafu, katikati ya miaka ya 1990, kwa wino mwekundu na mwandiko tofauti, imeandikwa: "Kipimamvua kimehamishwa leo hatua ishirini, mwembe umekua."

Sijui mwembe huo ulikuwa umeanza kukinga mvua tangu lini. Nitaukata mfululizo wa vipimo vyangu katika tarehe hiyo, nizilinganishe sehemu zote mbili na vituo viwili vya jirani, na kupungua kwa masika kutakakobaki baada ya hapo ndiko nitakakokupeleka mbele ya modeli, nikianza na ule uigaji unaotumia joto la bahari lililopimwa. Nikimaliza nitaweka grafu hapa hapa.